Kijiko Chenye Kilima

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusimama kando ya mizani, basi ni yule bwana wa ghala la nafaka ambaye hata mkewe alishaacha kumwita kwa jina lake. Watu wote walimwita Mizani. Kwa miaka ishirini na miwili alipokea magunia ya mahindi na maharage mlangoni, akayapandisha kwenye mizani kubwa ya chuma, akasubiri mshale utulie, akatoa uzito wa gunia tupu, kisha akatamka namba kwa sauti isiyobishiwa. Aliweza kulisukuma gunia kwa goti tu akasema, "Hili lina upungufu wa kilo mbili," na likipimwa, upungufu ni kilo mbili kamili. Wauzaji wakorofi waliliogopa goti lile kuliko walivyomwogopa askari.

Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi. Alasiri alihamia kaunta ya mbele, ambako watu wa mtaani walinunua maharage kwa kopo. Wapo wapimaji wanaojaza kopo kisha wakapitisha ubao juu yake, nafaka ikabaki bapa kama meza. Mizani hakuwa na muda na watu hao. Yeye alijaza, akatikisa, akajaza tena mpaka juu ya kopo kikasimama kilima, na mteja alipofungua mfuko wake, alimwongezea konzi moja ya mkono, bure. "Kopo bapa ni la mchoyo," alikuwa akisema. "Mimi sijawahi kumpunja mtu." Mwenye ghala alinung'unika mwanzoni, halafu akaiona foleni, akanyamaza.

Sasa mtu huyu, aliyepima kila kilichopita mbele yake, hakuwa amejipima mwenyewe hata siku moja. Mara ya kwanza alikuwa na miaka arobaini na saba, na alipimwa hospitali, kwa sababu ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitindamimba, na kwao walizaliwa wawili tu. Mama yao alifariki binti ana miaka tisa, Mizani ana ishirini na miwili, naye ndiye aliyemsuka nywele vibaya, akamfulia sare za shule, akamfikisha mpaka ukubwani. Sasa binti huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, mwenye sauti ya kuimbisha. Miaka miwili nyuma miguu yake ilianza kuvimba, ukafuata uso, na walipokwenda kupima wakaambiwa figo zote mbili zimeaga. Tangu hapo alilazwa kwenye kiti mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu ikitoka mwilini, ikipita kwenye mashine na kurudi. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. "Napimiwa kama dawa ya kikohozi," alisema. "Siku nikipona, kaka, nataka glasi nzima, ijae mpaka imwagike, ninywe nikiwa nimesimama."

Mizani hakuhitaji kushawishiwa. "Mimi ninazo mbili, wewe huna hata moja," alimwambia. "Hesabu hiyo hata watoto wako wa chekechea wanaiweza."

Daktari wa figo, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alimpima damu, mkojo, moyo, akampiga picha za tumbo. Kila kitu kililingana. "Figo zako ni za kijana," alisema. Kisha akaangalia karatasi ya nesi. "Lakini una kilo tisini na nane. Kwa kimo chako siwezi kukupasua hivyo, na sitaki baadaye uje kuugua kwa sababu ya unene. Shuka mpaka themanini na sita. Nakupa miezi mitatu. Tembea, punguza mafuta, punguza sukari, ongeza mboga. Na usitumie dawa yoyote bila kuniambia."

Mizani alitoka pale akijikuna kichwa. Ili atoe kitu cha ndani, lazima kwanza apunguze cha nje. Alijua kupunguza mzigo kwenye gunia: unafungua mdomo, unachota. Kwenye mwili wake hakuona pa kufungulia. Alitembea siku nne, akala majani, akajipima kwenye mizani ya magunia. Tisini na nane. Akatembea siku nne nyingine. Tisini na nane na nusu. Na kila Jumanne na kila Ijumaa mdogo wake alikuwa anarudi kwenye kile kiti.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwa na mdogo wao kwenye mashine. Mizani akaenda jimu.

Jimu yenyewe ilikuwa nyuma ya karakana ya kuziba pancha, chumba kirefu chenye vioo vitatu na harufu ya mpira na jasho. Kocha alikuwa kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, mwenye heshima, mwenye jibu kwa kila swali. Kwenye rafu nyuma yake yalipangwa makopo makubwa kama ndoo ndogo. Kila kopo lilikuwa na maandishi madogo madogo ya kigeni, na juu yake Kocha mwenyewe alibandika karatasi yenye herufi kubwa: HUPUNGUZA UZITO. HUONGEZA MISULI.

Mizani aliisoma ile karatasi mara tatu.

"Kocha, hapa umeandika unapunguza uzito."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na hapa chini, unaongeza misuli."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Misuli haina uzito?"

"Inao! Tena mzito kuliko mafuta."

"Sasa kinachoingia ni kizito kuliko kinachotoka. Mimi nitapungua vipi?"

Kocha akafikiri kidogo. "Iko hivi. Mafuta yanachukua nafasi kubwa, misuli imebana. Ni kama pamba na misumari."

"Kilo ya pamba na kilo ya misumari zote ni kilo. Hilo niliulizwa nikiwa darasa la pili."

"Basi umeelewa!" Kocha akampiga bega kwa furaha.

Mizani hakuwa ameelewa chochote, lakini ni vigumu kumwambia hivyo mtu anayekufurahia. Akauliza kilichomo ndani. Kocha akasema ni protini, ile ile iliyomo kwenye maziwa na maharage, ila hii imetengwa ikabaki peke yake, halafu wakaongeza na vitu viwili vitatu vya kutia nguvu. Aliposikia maharage, moyo wa Mizani ukatulia. Maharage alikuwa anayajua. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, koroga kwenye maji, kunywa. Kijiko chenyewe, cha plastiki, kilikuwa humo humo ndani ya kopo.

Jioni ile mkewe alisimama mlangoni pa jiko, kitambaa begani, akamtazama anavyochota.

"Hicho ni kijiko kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Mbona kina kilima?"

"Sasa unataka nijipunje mwenyewe?"

Mkewe akaigeukia sufuria yake. Alikaa na mtu huyu miaka ishirini, alijua wapi pa kupoteza pumzi na wapi pa kuihifadhi.

Hapo sasa ndipo ninapotaka kumshika Mizani shati na kumtikisa, maana alifanya mambo mawili kwa wakati mmoja bila kuona yanavyopingana. Daktari alimwambia asitumie dawa bila kumwambia, naye akasema moyoni, huu ni unga, si dawa, kwa hiyo hakumwambia. Lakini wakati wa kula, akakumbuka kwamba dawa hunywewa mtu akiwa ameshiba. Kwa hiyo alikula kwanza, sahani yake ile ile, ndipo akanywa. Mbele ya daktari lile kopo lilikuwa la unga, mbele ya sahani likawa la dawa.

Wiki tatu baadaye alipanda kwenye mizani ya ghala kabla ya wapagazi kufika. Akavua viatu, akavua mkanda, akashika pumzi. Mshale ulipita tisini na nane bila hata kuaga, ukasimama kwenye mia na moja.

"Hiyo ni misuli inaingia," Kocha akamweleza.

"Hicho ni chakula cha jioni," mkewe akamweleza.

Mizani alibonyeza tumbo lake kwa kidole. Kama ilikuwa misuli, basi ilikuwa imelala usingizi mzito.

Ijumaa hiyo alimpelekea mdogo wake shuka safi kule kwenye mashine. Alimkuta na mkono wake wa kushoto umenyooshwa juu ya mto, ule mkono uliojaa vinundu vya sindano, na mirija miwili myekundu ikiingia na kutoka. Akamsimulia habari za kopo. Binti akacheka mpaka nesi akamwonyesha kidole atulie.

"Kaka! Unakula, halafu ndio unakunywa? Hicho ni kitu cha kuchukua nafasi ya chakula, si cha kushushia. Unakunywa chenyewe, unaacha sahani."

"Kocha hakusema hivyo."

"Kocha alidhani unajua. Daktari umemwambia?"

"Ni unga, mdogo wangu. Maharage."

Binti alitaka kuuliza zaidi, lakini mashine huchosha, na macho yake yakaanza kujifumba. Kabla hajasinzia akasema, "Usijitese sana kwa ajili yangu." Ukitaka kumfanya mtu kama Mizani ajitese, mwambie maneno hayo hayo.

Kuanzia kesho yake sahani ikafungiwa kabatini. Asubuhi kijiko, saa nne kijiko, mchana, alasiri na jioni, vijiko vitano kwa siku na kila kimoja na kilima chake, maana kama viwili vinasaidia, vitano vitasaidia zaidi, na kama mteja wa maharage anastahili nyongeza, figo ya mdogo wake haistahili? Mchana aliingia kwenye mstari wa wapagazi, akajitwika magunia mgongoni, wao wakimshangilia na kumtania kwamba mizani imeota miguu. Na kuna jambo lingine alilofanya ambalo hakumwambia hata mkewe. Aliona aibu kunywa jagi zima la maji ilhali mwenzake anapimiwa kikombe. Kwa hiyo naye akaanza kunywa vikombe vitatu tu kwa siku, kama yeye.

Uzito ukaanza kushuka. Tisini na sita. Tisini na tatu. Kila asubuhi aliandika namba kwa chaki nyuma ya mlango wa ghala. Kichwa kilimuuma kutwa, mdomo ulikauka, mkojo ulitoka wa rangi ya chai ya rangi tena na povu, lakini yeye alimsikiliza nani? Alisikiliza mshale. Mkewe alimwambia mashavu yameingia ndani kama mtu anayefyonza limau. Yeye akamwonyesha suruali inavyopwaya. Themanini na tisa. Themanini na saba. Siku tatu kabla ya miezi mitatu kuisha, mshale ulisimama kwenye themanini na tano, akashuka kwenye ile mizani akiwa analia kwa furaha, peke yake, katikati ya magunia.

Nesi wa hospitali alimpigia makofi. Daktari alitabasamu, jambo ambalo watu wa wodi ile walilisimulia siku nzima. Wakamtoa damu kwa vipimo vya mwisho, wakamwambia atapigiwa simu.

Simu ilikuja siku ya pili. Walimtaka arudi.

"Mzee," daktari alisema, na tabasamu halikuwepo tena, "miezi mitatu iliyopita figo zako zilikuwa za kijana. Leo zinasoma kama za mtu anayeanza kuugua."

Mizani akamtazama. Akaitazama karatasi. "Labda mmechanganya damu yangu na ya mdogo wangu."

"Nilidhani hivyo hivyo. Tumepima mara mbili."

"Lakini nimepungua! Si mlitaka nipungue?"

"Tulitaka. Uzito ni mzuri, damu si nzuri. Siwezi kuchukua figo kwako na hali hii, nitakuwa nimetengeneza wagonjwa wawili. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna," alisema Mizani, na hakuwa anadanganya. Alijibu swali aliloulizwa.

Nje kwenye benchi mdogo wake alikuwa anangoja. Aliyasoma yote usoni mwa kaka yake kabla hajakaa. Akakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Kumbe ni ugonjwa wa kwetu," akasema. "Mama naye miguu yake ilivimba mwishoni, unakumbuka? Basi, kaka. Baki nazo zote mbili, utazihitaji. Mimi nitaendelea na kiti changu." Halafu akamshika yeye mkono, mgonjwa akimfariji mzima, na Mizani akaona ni afadhali ardhi ipasuke.

Jioni ile alikaa kwenye kiti sebuleni, ameshika tama. Aliwaza hivi, akawaza vile. Alikuwa mnene, figo zikawa nzuri. Amekuwa mwembamba, figo zimeharibika. Amebeba magunia, amekuwa na nguvu, na wakati huo huo ni mgonjwa. Je, unene ndio uliokuwa unazilinda? Je, arudi kunenepa? Kama ni ugonjwa wa ukoo, umengoja miaka arobaini na saba ukaja wiki hii? Alimuuliza mkewe. Mkewe akasema hajui, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuwa mjane. Kila jibu alilolipata lilizaa maswali mawili, na kichwa chake, kilichozoea namba moja moja zilizotulia, kikagoma kabisa.

Kesho yake alikwenda kazini kwa sababu miguu ilijua njia. Gunia la tatu la asubuhi alilisukuma kwa goti: kilo tisini. Likapandishwa. Mshale ukasimama kwenye themanini na nne.

"Naibiwa!" mwenye gunia akapiga kelele. "Mizani yenu mbovu!"

"Gunia lako ndilo bovu!" mpagazi mmoja akamrudishia.

Mizani hakubishana na yeyote. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote mizani na goti vikikataana: akapiga magoti, akainama, akachungulia chini ya sahani ya chuma. Humo kulikuwa na bunzi la mahindi, limekwama kati ya sahani na fremu, limeibeba sahani isikae. Akalichomoa. Mshale ukapanda wenyewe mpaka tisini.

"Gunia halina kosa, na mizani haina kosa," alisema kama alivyosema mara mia. "Kuna kitu kimeingia katikati."

Halafu hakuinuka. Wapagazi walidhani mgongo umemshika. Alibaki amepiga magoti na bunzi mkononi, akilitazama, na midomo yake ikatamka tena, taratibu, yale maneno ya mwisho. Akamwachia mpagazi mkubwa mizani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda nyumbani, akalitia lile kopo la unga kwenye mfuko, akaelekea hospitali bila hata kubadilisha shati.

Daktari aliligeuza lile kopo, akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo kutoka juu mpaka chini.

"Mzee, mimi nilikuuliza kuhusu dawa."

"Daktari, huu ni unga."

Daktari akamrudishia kopo. "Nionyeshe unavyopima."

Mizani akachota. Akatikisa, akaongeza, kilima kikasimama vizuri, hakuna hata punje iliyoanguka. Alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Daktari akakichukua kile kijiko, akapitisha ukingo wa rula juu yake, unga ukabaki bapa. Kilichoanguka mezani kilikaribia kulingana na kilichobaki.

"Hiki ndicho kijiko kimoja. Kwa siku mara ngapi?"

"Tano."

"Tano! Na maji unakunywa kiasi gani?"

"Vikombe vitatu." Akainamisha kichwa. "Kama yeye."

Daktari alivua miwani, na kwa muda kidogo hakuonekana kama daktari. Kisha akamweleza polepole. Figo kazi yake ni kufagia. Yeye amezimwagia takataka mara tano kwa siku, tena kwa kilima, akabeba magunia ambayo nayo yanaongeza takataka, halafu akazinyima maji ya kudekia. Juu ya hayo, katika vile vitu viwili vitatu vya kutia nguvu kuna kimoja ambacho chenyewe hujitokeza kwenye damu na kufanana na ugonjwa wa figo hata kama ugonjwa haupo.

"Kwa hiyo figo zangu nzima, ila kipimo kimedanganywa?"

"Inawezekana. Au umezichosha kweli."

"Ipi kati ya hizo?"

"Sijui," daktari akasema. Mizani hakujua kwamba madaktari nao wana neno hilo. "Acha huu unga leo. Usibebe mzigo. Kula kama mtu. Kunywa maji, hata kama yanakutia aibu, maana kiu yako haimnyweshi yeye. Baada ya wiki sita tutapima."

Zilikuwa wiki sita ndefu. Mkewe alichukua kile kijiko cha plastiki, akakiosha, akakifanya kipimo cha wali na maharage ya mumewe, na kila kijiko alikipitishia mgongo wa kisu. Vijiko kadhaa bapa, mboga nusu sahani, basi. Mizani, ambaye hakuwahi kumpunja mtu, alipunjwa mchana na jioni nyumbani kwake mwenyewe na kusema ahsante mke wangu. Alitembea kwenda kazini na kurudi. Uzito ulipanda mpaka themanini na tisa, akapata hofu, kisha ukaanza kuteremka kidogo kidogo, kwa mwendo wa konokono. Kocha alikutana naye njiani akasikitika: "Mzee wangu, unapoteza misuli." Mizani akamjibu kwamba misuli hakuwahi kuiona, hivyo hataijua ikiondoka. Akamweleza pia lililompata, na Kocha, masikini, akaduwaa. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa unga ule ule, na hakuwahi kujiuliza. Kesho yake ile karatasi ilikuwa imebanduliwa.

Alilala akiota mshale usiotulia. Mchana alimkwepa mdogo wake, kwa kuwa hakujua amwambie nini: kwamba ni mgonjwa, kwamba si mgonjwa, au kwamba ni mjinga. Mwishowe alimwambia yote, kando ya mashine, na binti akamshika sikio kama anavyowashika watoto wake wa chekechea, akalivuta kidogo.

Siku ya majibu daktari hakuanza na salamu. "Zimerudi," alisema. "Kama mara ya kwanza. Za kijana." Kisha akatazama karatasi ya nesi. "Themanini na saba. Umebakiza kilo moja. Nakupangia upasuaji baada ya wiki tano, hiyo moja imalize kwa miguu yako."

Mizani alitaka kusema ahsante, badala yake kikatoka kitu kingine, maana mtu hawezi kuiacha kazi yake mlangoni.

"Daktari, nikishampa, mimi nitapungua kilo ngapi?"

Daktari akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho. "Kwa figo moja? Hata robo kilo haifiki. Gramu mia na hamsini hivi."

Alirudi ghalani alasiri, akasimama kwenye kaunta yake. Alikuwa amejikondesha, amejinywesha unga, amejinyima maji, amekaribia kuharibu kila kitu, kwa sababu ya gramu mia na hamsini? Ilikataa kuingia kichwani. Gramu mia na hamsini ni kiasi gani hasa? Akatia mkono kwenye gunia la maharage, akatoa konzi moja, ile ile ya kila siku, akaiweka kwenye mizani ndogo.

Mshale ukatetemeka, ukatulia. Mia na hamsini.

Akarudia na konzi ya pili, na ya tatu. Mshale ulikuwa na msimamo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapa watu asiowajua kitu cha uzito huo kila siku, mara hamsini, mara sitini, bila kuuhisi mkono wake ukipungua. Akakaa juu ya gunia. Mteja aliyekuwa anangoja alimwona, akaamua kusubiri.

Jioni alimpelekea mdogo wake kifurushi cha karatasi, ameshakifunga vizuri kwa uzi. Binti alikuwa kitandani kwake, na kikombe chake cha maji kando kimebaki nusu. Akafungua.

"Maharage?"

"Ndio uzito wa figo moja. Daktari kanieleza."

Akayamimina kwenye kiganja, yakajaa sawasawa, akafunga vidole juu yake.

"Kaka," akasema, "hii si ndiyo unayompa kila mtu pale kaunta?"

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema Mizani, na sauti yake, ile isiyobishiwa, ikamkatika katikati.